Siku Tulipozifungua Redio Zote

Tangazo niliandika kwa mkono wangu, na kwa majivuno yangu: Klabu ya Redio, kila Jumamosi saa nne asubuhi, shuleni kwetu Ujiji, karibuni nyote. Moja nilibandika sokoni, moja kwenye duka la baiskeli Gungu, moja kwenye geti la hospitali. Klabu ilikuwa ya wanafunzi wangu wa fizikia, lakini nilitaka mji mzima ujue kilichomo ndani ya redio. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, maboti yakishusha watu kutoka ng'ambo ya ziwa kila wiki, na kila mtu alitaka kusikia habari.

Jumamosi hiyo ya kwanza walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Alikuja fundi cherehani wa mbele ya shule, akaja mama muuza dagaa kutoka Katonga na redio kubwa kichwani, wakaja majirani wa mtaa mzima, kila mmoja na redio yake. Nikawapa sheria yangu: siku ya kwanza ni ya kufungua. Kila mtu atoe betri azitie kwenye beseni moja, kisha achomoe waya wa spika, ili baadaye tujifunze kuurudisha kwa risasi, ile ya kuyeyusha na kuunganishia nyaya.

Kiongozi wa klabu, binti wa kidato cha tatu asiyejua kunyamaza, aliuliza, "Mwalimu, zote kwa mara moja?"

Nikamjibu kwamba anayeogopa kufungua hatajua kufunga. Watu wakacheka, nami nikajiona bingwa.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini nesi alipobisha hodi. Nyuma yake alisimama mwanamke mwembamba, bandeji mguuni, kadi ya hospitali mkononi. Nesi alisema mama huyu ni mkimbizi, ameletwa kutoka kambini kutibiwa, kibali chake ni cha siku moja, na gari la kumrudisha linaondoka saa tano na nusu. Walikuwa wameliona tangazo langu getini.

"Tumekuja kusikiliza redio," nesi akasema. "Saa tano kuna majina."

Majina hayo tuliyajua sote. Mara mbili kwa wiki redio ilisoma majina ya watu waliopoteana na jamaa zao vitani, na mahali walipo wanaowatafuta.

Mwanamke akaongea mwenyewe, polepole. "Mwalimu, banasema jina yangu ilisomwa. Mutoto wangu ananitafuta. Yule mwenye alisikia, betri yake ilikufa mbele ya kusikia jina ya mutoto. Niko na babili, kijana na binti. Sijui ni nani."

Kila mmoja alitazama dawati lake. Chumba kizima kilijaa redio, na hata moja isingeweza kukohoa. Fundi cherehani aliinuka akaazime moja mtaani, akafika mlangoni, akarudi kuketi. Mtaa mzima ulikuwa umo humu ndani. Nesi akasema hata gari lao halina redio, pana shimo tu ilipokuwa.

Tukachagua ile ya mama wa Katonga, kwa kuwa ilikuwa kubwa na nyaya zake zilionekana vizuri. Wawili wakainamia beseni kutafuta betri zinazolingana, lakini nzima na zilizokufa zilikuwa zimechanganyika, kwa amri yangu. Tulizijaribu moja moja kwa balbu ya tochi. Saa ya ukutani ilionyesha imebaki robo saa.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, hivyo chuma cha kuchomea risasi nilikuwa nikikipasha kwenye jiko la mkaa, na mkaa ulikuwa umefifia. Kiongozi wa klabu akashika ncha mbili za waya.

"Mwalimu, tusokote tu kwa mkono. Itaongea."

"Itaongea na itakatika," nikasema. "Pepea moto."

"Lakini Mwalimu..."

"Haraka haraka haina baraka. Hapa tunafundisha kazi, hatulipui."

Nilisema hivyo mbele ya yule mama. Sikuwa mbishi kwa sababu ya waya. Nilikuwa na aibu, na mimi nikiona aibu hujifanya mkali. Mama wa Katonga alinikodolea macho. "We mwalimu, redio ni yangu. Afadhali iongee mbovu kuliko inyamaze nzima!"

Nikapepea mwenyewe. Risasi ya kwanza haikushika, ikaanguka mezani. Nikarudisha chuma motoni. Saa ikagonga tano, kisha ikapita. Mwanamke alikataa kiti alichopewa. Alisimama karibu yangu mno, nikazisikia pumzi zake sikioni. Mara ya pili risasi ikashika. Nikatia betri, nikazungusha kitufe, ikakoroma, nikaipata stesheni.

Sauti ya mtangazaji ikasema hao ndio waliokuwa wakitafutwa leo, na majina yatarudiwa Jumanne saa moja asubuhi. Ukafuata muziki.

"Imeisha?" mwanamke akauliza.

Nilitaka kumweleza habari za mkaa. Nikaipunguza tu sauti ya muziki. Kiongozi wa klabu ndiye aliyekwenda ubaoni akamwomba majina matatu, lake na ya watoto wake, akayaandika kwa herufi kubwa. Kisha akawasomesha watu wazima wale kama darasa la kwanza, mara tatu, wakaitikia kwa pamoja. Mwanamke alikuwa akisogeza midomo nao. Honi ikapigwa nje, naye akaondoka na nesi bila kunilaumu, na hilo liliniuma kuliko lawama. Majina yale nayajua mpaka leo, ila si yangu kuyaandika hapa.

Hakuna aliyekwenda nyumbani na redio iliyo wazi. Tulikaa mpaka alasiri tukizifunga, na waya nyingine, kwa ruhusa yangu, tulizisokota kwa mkono.

Jumanne saa moja asubuhi, kabla jina la kwanza halijasomwa, nilikuwa nimekaa darasani na redio na kalamu. Jina la yule mama lilisomwa mapema, na la aliyekuwa akimtafuta, na kituo alipo. Alikuwa kijana. Niliendelea kusikiliza mpaka muziki, nikiamini jina la binti yake nalo litakuja. Halikuja.

Kabla kengele ya shule haijalia, mama wa Katonga aliteremka kwenye baiskeli iliyombeba, hata salamu hakunipa. "Umesikia?" Akafuata fundi cherehani, akafuata kiongozi wa klabu. Wote walikuwa na kituo kilekile. Na wote walikuwa wamelisubiri jina la tatu.

Kesho yake, Jumatano, nesi angekwenda kambini. Niliandika palepale, mbele yao, jina la kijana na mahali alipo. Nikakaa na kalamu hewani, sijui niandike nini chini yake.

"La binti usiandike," mama wa Katonga akasema. "Ataona mwenyewe kwamba halipo."

Alhamisi nesi alipita shuleni. Alisema yule mama aliisoma karatasi, akaibusu, akaikunja. Baadaye akaifungua tena, akaitazama upande wa nyuma, palipokuwa patupu.

"Ana swali moja tu kwako, Mwalimu," nesi akasema. "Anauliza kama safari hii mlisikiliza tangu mwanzo. Ameniomba nimrudishie jibu."

Nilisimama mlangoni na chaki mkononi. Mimi ni mtu wa kuwachapa wanafunzi kwa sababu ya desimali moja.

"Mwambie hapana," nikasema. "Mwambie betri zilikuwa dhaifu, mwanzo hatukuusikia vizuri. Tutasikiliza tena Jumamosi."

Betri zilikuwa mpya. Nilizinunua mwenyewe Jumatatu.