Somo la Masi na Uzito

Mwaka wa mwisho wa masomo ya ualimu nilikuwa nikitoka mtaa wetu wa Buyenzi kwa miguu hadi mtaa wa Ngagara, kwenye shule niliyopangiwa kufanya mazoezi ya kufundisha fizikia. Petroli ilikuwa imeadimika, na mabasi machache yaliyobaki watu waliyapigania. Nilifika darasani miguu ikiwa imechoka kabla ya sauti. Isitoshe, ilikuwa Ramadhani.

Siku ya kupimwa, mkaguzi alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Bila yeye kuridhika, nisingepata kibali cha kufundisha. Somo lilikuwa tofauti ya masi na uzito. Nilianza kwa Kifaransa, kama inavyotakiwa, na wanafunzi wakanitazama tu. Msichana mmoja wa mbele akainua mkono.

"Madame, masse na poids si ni kitu moja? Sisi nyumbani tunasema uzito, basi."

Jibu la Kifaransa nilikuwa nalo, nimelikariri juma zima. Lakini nilimwona anavyolisubiri huku ameshakata tamaa. Nikaweka chaki chini.

"Apana," nikamwambia. "Tuseme umebeba gunia ya mchele mpaka ku mwezi. Ukiupika kule, utashibisha watu wachache kuliko hapa?"

"Apana, ni walewale."

"Mchele haukupunguka. Hiyo ndiyo masse. Na mgongo yako je?"

"Itasikia mwepesi!" darasa zima likajibu.

"Ni kwa sababu mwezi unavuta kidogo kuliko dunia. Hiyo sasa ni poids."

Walicheka, wakabishana. Mmoja akauliza kama dada yake anayeuza ndizi za kubeba kichwani hawezi kuhamia huko.

Kengele ilipolia, mkaguzi aliniita nje. "Wameelewa, nimeona mwenyewe," alisema. "Lakini mtihani wao hautakuja mu Kiswahili. Utarudilia somo, Kifaransa kitupu."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonichosha zaidi.

Nyumbani nilimkuta mama akikaanga sambusa za futari.

"Mutoto yangu, wamekupitisha?"

"Bado, mama."

"Lala kidogo. Nitakuamusha kwa adhana."

Nililala na viatu miguuni.

Juma lililofuata nilirudia somo lile kwa Kifaransa, bila gunia wala mwezi. Hakuna aliyeuliza swali. Walinakili kila neno, vichwa chini. Mkaguzi akanipa mkono, akanipongeza. Nilimshukuru, kisha nikabaki peke yangu darasani, nikiingoja ile furaha niliyoitamani miaka yote ya masomo. Haikuja. Nilichotaka ni maji, na magharibi ilikuwa bado mbali.

Siku hizi nina darasa langu. Somo hilo nalifundisha mara mbili: kwanza kwa Kiswahili, mlango nimeufunga, halafu kwa Kifaransa kwa ajili ya mtihani. Kipindi hakitoshi, na ikifika Ijumaa sauti imeshanikauka.