Tanuri la Jefwa

Dama alimdharau Jefwa tangu wiki ya kwanza ya kazi. Jefwa alikuwa na nyumba ya mazishi pale Ukunda, yenye tanuri la kuchomea maiti, na alivaa suti nyeusi hata jua linapochoma utosi. Mbele ya wafiwa machozi yalimjia upesi kama kikohozi. Wakishatoka, alikuwa akichokonoa meno na kuuliza mpira umekwendaje.

Kazi ya Dama ilikuwa kuwapokea wafiwa na kuwakabidhi majivu ya wapendwa wao. Sheria waliijua wote pale, na Jefwa mwenyewe aliapa kuifuata alipopewa leseni: maiti mmoja kwa moto mmoja.

Siku moja waliletwa wawili: mzee Ramnik, mwenye duka la vitambaa Msambweni, na Mjerumani wa Galu asiye na jamaa. Jefwa akaamuru waingizwe pamoja, mafuta yasipotee bure.

"Hawa ni watu wawili," Dama alisema.

"Walikuwa wawili. Wewe gawanya majivu mitungi miwili. Nani atajua?"

"Kagawe mwenyewe."

Jefwa akagawa kwa upawa, akipiga mluzi. Dama aliona kinyaa, kana kwamba amekanyaga kitu kiozacho.

Kesho yake alikuja mjane wa mzee Ramnik, Bi Kokila. Aliupakata mtungi, akauliza, "Huyu ndiye mume wangu?"

"Ndiye, mama," Jefwa alijibu, macho yamekwisha lowa. "Tumemtunza kama baba yetu."

"Ni nusu yake, mama," Dama alisema. "Nusu ya pili ni mtu mwingine. Na aliyewachanganya ndiye huyu anayekulilia."

Bi Kokila aliuweka mtungi mezani, akaenda polisi. Tanuri likafungwa, Jefwa akashtakiwa. Mahakamani alilia tena. Hakimu akamwambia apanguse uso kwanza, kisha aseme. Alifungwa.

Kesi ilipokwisha, Bi Kokila aliomba mitungi yote miwili, akamwita Dama waende naye baharini.

"Nikimwacha huyo mgeni, nitakuwa nimemwacha mume wangu pia," alisema, akawamwaga wote pamoja.

Hapo ndipo Dama alipolia.

Jefwa alipotoka gerezani alimtuma mtu kwa Dama: anakusalimu sana, anaomba radhi.

"Mwambie salamu sikuzipata," Dama alisema, akaendelea kuanua nguo zake.