Mwamvita Aomba Radhi kwa Ugomvi wa Ndotoni

Mwamvita binti Nassibu ana miaka sitini na mmoja. Anakaa Cheyo, mjini Tabora, katika nyumba aliyoachiwa na baba yake, na kazi yake ni kushona mito ya sufi. Mito ya sponji imejaa madukani siku hizi, lakini wako watu ambao shingo zao hazikubali kitu kingine ila sufi, na hao wote wanamjua Mwamvita. Huketi barazani, kanga ameifunga puani na mdomoni kwa sababu ya vumbi, akichambua mbegu. Kisha huipiga sufi kwa fimbo mbili nyembamba mpaka ivimbe, akaijaza kwenye kitambaa na kufunga mdomo wa mto kwa sindano ndefu. Ikifika jioni nyusi zake huwa nyeupe kama za bibi wa miaka mia.

Anaishi na Najiat, mke wa mwanawe Sabiri. Sabiri mwenyewe yuko Kaliua, kazini, na huja nyumbani mara moja kwa mwezi.

Usiku Mwamvita hulala fofofo, haoti kitu. Ndoto zake huja mchana. Akishaswali adhuhuri na kula, hujinyoosha mkekani ukumbini, na hapo ndipo mambo huanza. Tena kwa kuwa analala mchana na kuamka mchana, jua likiwa pale pale mlangoni, mara nyingi hajui ni upande gani ametokea. Kuna siku aliamka saa tisa mchana, akachukua mswaki, akasugua meno uani, akawapa majirani habari za asubuhi, na alikuwa ameshabandika maji ya chai ndipo Najiat akamwambia kwa upole kwamba wanangoja alasiri iadhiniwe.

Yeye ana fikra yake kuhusu jambo hili, na huisema bila kutabasamu. Watu humletea mito ya zamani aifumue na kuipiga sufi upya. Anasema mtu akilalia mto miaka ishirini, ndoto zake haziwezi kwenda zote. Nyingine hubaki zimenasa kwenye sufi, na yeye anayeifumua ndiye anayezivuta puani. Ushahidi anao. Alipoushughulikia mto wa Mayala, mwalimu mstaafu, mchana huohuo aliota amesimama mbele ya darasa akifundisha kugawanya kwa Kisukuma, lugha ambayo yeye haijui zaidi ya salamu. Aliamka na jibu mdomoni: kumi na saba. Jioni nzima alikaa akijiuliza swali lilikuwa nini. Mwisho alikwenda kumuuliza mwalimu mwenyewe. Mwalimu Mayala alifikiri kwa makini, akasema kumi na saba haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, kwa hiyo somo lenyewe halikuweza kuwa refu.

Mpaka hapo ndoto zilikuwa kichekesho cha nyumbani. Mwezi wa nane mwaka huu zikageuka kuwa jambo jingine.

Mlango wa Mwamvita unatazamana na wa Apolinaria, mjane anayeimba kwaya parokiani, ambaye mtaa wote humwita Mama Modest. Wamekuwa majirani miaka ishirini na nane. Alasiri moja Mwamvita aliota, au alidhani ameota, wako bombani wawili na ndoo zao, na bila sababu yoyote akamwambia Mama Modest kwamba sauti yake kanisani inalia kama mlango wa behewa la mizigo. Mama Modest alitua ndoo yake chini, akaondoka akiiacha inamwagika.

Mwamvita alipofumbua macho aliinuka upesi. Alitoka nje. Mama Modest alikuwa anapita kutoka bombani, ndoo kichwani, na alipomwona aliitikia salamu bila kusimama, akaingia kwake.

Hilo ndilo lililomchanganya. Kama ilikuwa ndoto, mbona jirani amenuna? Na kama haikuwa ndoto, yeye amepata wapi ulimi wa kusema maneno yale? Alilitafakari usiku kucha na asubuhi akafikia uamuzi ulioonekana una akili: atakwenda kuomba radhi. Ikiwa aliyasema kweli, atakuwa ametubu. Ikiwa hakuyasema, Mama Modest atauliza kosa gani, naye atamsimulia ndoto, wacheke wote, yaishe.

Alimkuta jirani yake ukumbini na ungo mapajani, anachagua mchele.

“Mama Modest,” alisema, “nimekuja kukuomba radhi. Nililokutendea silo la jirani kumtendea mwenzake.”

Mama Modest aliendelea kuchagua. Akatoa kijiwe kimoja, akakitupa nje. Kisha mikono ikatulia.

“Nilikuwa nangoja useme,” akajibu. “Iliniuma, sitakuficha. Lakini madhali umekuja mwenyewe, nimekusamehe.”

Mwamvita alishukuru, akaaga, akavuka njia kurudi kwake kama mtu aliyebeba kitu kinachotaka kumwagika.

Alimsimulia Najiat yote, akamuuliza jana alasiri yeye mwenyewe alikuwa wapi. Najiat akamwambia alikuwa amelala mkekani, na yeye Najiat alikuwa papo hapo uani akiosha vyombo, na hakuna mtu aliyetoka. Labda, akaongeza Najiat akitaka kumtuliza, maneno hayo aliyasema siku nyingine. Haikumtuliza hata kidogo.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mwamvita hakuamini tena kitu alichokikumbuka. Maharage aliyatia chumvi, akashuku kama ameyatia, akayatia tena. Alimpigia simu Lugembe, mteja wake wa Bukene, kumwambia mito yake minne iko tayari, kwa kuwa alikumbuka waziwazi amefunga mdomo wa ule wa nne. Lugembe akapanda treni akaja, akaikuta sufi bado iko kwenye gunia. Hakugomba. Alikaa barazani toka asubuhi mpaka alasiri, akashika fimbo moja na kusaidia kupiga, akarudi stesheni na mito yake na nyusi nyeupe.

Najiat akamshauri jambo. Asubuhi akiamka ajifunge uzi mwekundu kidoleni. Akiwa na shaka autazame, akiuona ajue yuko macho. Shauri lilifaa siku moja. Siku ya pili Mwamvita aliota amekaa stesheni ya Tabora akingoja treni ya Kigoma, na abiria wote, wanawake kwa wanaume, hata na askari wa stesheni, walikuwa wamefungwa nyuzi nyekundu vidoleni. Alipoamka aliukata wake akautupa.

Siku ya tano akaona hawezi kuendelea hivyo. Alivuka njia tena, akaketi kwenye kiti cha Mama Modest bila kukaribishwa, na kumwambia ukweli wote: kwamba alikuja kuomba radhi kwa sababu ya ndoto, na kwamba tangu asamehewe hajui amesamehewa nini.

Mama Modest, aliyekuwa tena na ungo wake mapajani, aliinua uso.

“Yaani uliomba radhi bila kujua kosa lako?”

Mwamvita akakiri kwamba ndivyo.

Basi Mama Modest akamweleza. Wakati wa masika, mwezi wa tatu, alishikwa na malaria, akalala kitandani siku nane. Mtaa wote ulikuja. Wenzake wa kwaya walikuja, hata watu wa upande wa pili wa reli walikuja. Mwamvita peke yake, ambaye mlango wake unaonekana kutoka pale kitandani, alimtuma Najiat aseme atakuja, na hakuja. Hakuja siku zile nane, wala hakuja baadaye kusema pole. Tangu hapo yeye amekuwa akimsalimu tu kwa sababu ya ujirani. Miezi mitano imepita, na Mwamvita hakuona hata kwamba mwenzake amenyamaza.

Mwamvita alisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi.

“Lakini nilikuja,” alisema.

Mama Modest akatikisa kichwa.

Mwamvita akashikilia. Alikumbuka kila kitu, na akakisema kimoja kimoja. Ilikuwa siku ya tatu ya ugonjwa, baada ya chakula cha mchana. Alichukua uji wa ulezi kwenye chupa ya chai yenye maua mekundu. Aliketi miguuni mwa kitanda. Mama Modest alikunywa vikombe viwili, akalalamika hauna sukari ya kutosha. Wakaongea habari za Modest, kijana wake aliye Mwanza, kwamba ameahidi kuja Pasaka. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye bati, ikabidi waongee kwa sauti. Na alipobisha hodi, aliyemfungulia mlango alikuwa Marko, akamwambia, karibu, mgonjwa ameuliza habari zako tangu asubuhi.

Hapo akanyamaza mwenyewe. Marko alikuwa mume wa Mama Modest. Walimzika miaka sita iliyopita, na Mwamvita ndiye aliyepika pilau la msiba.

Kwa hiyo lile la bombani lilikuwa ndoto, na hili la uji nalo lilikuwa ndoto. Alikuwa amelala mchana akaota amekwenda kumtazama mgonjwa, akaamka moyo wake mweupe, wajibu umekwisha, na hakuufikiria tena. Alitaka kusema neno, lakini alilotaka kulitaja lilikuwa radhi, na radhi alikwisha kuiomba, akapewa. Hakujua inaombwaje mara ya pili.

Mama Modest alikuwa ameweka ungo chini. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa ameinama mbele kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

“Alikuwaje?” akauliza.

“Nani?”

“Marko. Alipokufungulia mlango.”

Mwamvita akafumba macho atazame vizuri. Akasema alikuwa amevaa shati lake la kijani lenye mifuko miwili, na alikuwa amenenepa kidogo, hasa mashavuni.

Mama Modest akaanza kucheka. Marko alikufa amekonda, maradhi yalimmaliza akabaki mifupa, na habari kwamba sasa amenenepa ilimchekesha mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na kwa muda Mwamvita hakuweza kujua kama bado anacheka. Alipotulia akasema anaamini. Hakuna mtu anayeweza kutunga mashavu ya Marko. Kisha akaingia jikoni, akapika chai, wakanywa pamoja kwa mara ya kwanza tangu masika.

Siku hiyohiyo jioni Mwamvita aliingiwa na wasiwasi mwingine, akampigia simu kaka yake Ngollo, aliye Nzega, kumuuliza kama mwaka juzi alikwenda kweli kwenye hitima ya shangazi yao. Ngollo akamwambia alikwenda, tena ndiye aliyelia kuliko wote. Mwamvita akashusha pumzi. Dakika kumi baadaye akamwita Najiat na kumwomba amwonyeshe kwenye simu kama kweli amempigia Ngollo. Najiat akamwonyesha. Alikuwa ameongea dakika nne.

Yangeishia hapo, lakini Mama Modest hakuyaacha. Sasa kila alasiri akipita husimama barazani, na baada ya salamu huuliza, kwa sauti ya chini, kama Mwamvita leo amemwona Marko. Mwamvita hujibu hajamwona. Alijaribu hata kumtafuta: alilala akimfikiria, siku tatu mfululizo, na zote tatu alimpata mwalimu Mayala.

Juma lililopita Mama Modest alisimama tena, na safari hii hakuuliza. Alisimama tu, anatazama sufi. Ilikuwa tarehe ambayo yeye na Marko walifunga ndoa. Mwamvita akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba amemwona Marko, stesheni ya Kaliua, ananunua karanga za kukaanga, na amesema wasalimie nyumbani. Mama Modest aliuliza kama zilikuwa karanga za maganda au zilizomenywa. Zilizomenywa, Mwamvita akajibu. Mama Modest akaitikia kwa kichwa, kwamba ndivyo alivyozipenda, akaenda kwake akiimba wimbo wa Jumapili.

Mwamvita alibaki na sindano mkononi. Amejaribu sana kukumbuka kama mchana ule aliiota kweli stesheni ile au aliitunga pale pale barazani kwa kumhurumia mwenzake. Anaikumbuka vizuri, hata gazeti lililofungiwa karanga. Lakini anakumbuka vizuri pia kwamba mchana ule hakulala. Amemuuliza Najiat kama alilala. Najiat siku hiyo alikuwa amekwenda sokoni.