Mapigo Kumi na Sita kwa Bei ya Manane

Mama Nyongeza hakupewa jina hilo kwa kusingiziwa. Tangu enzi za kusukuma mkokoteni wa magunia matupu mpaka alipolinunua lori lake kuukuu, hajawahi kulipia kitu akaondoka bila cha juu. Tairi analinunua pamoja na valvu. Siku ya kununua jeneza la mama mkwe, alimbana seremala mpaka akamtolea na kigoda.

Injini ya lori ilipokata roho, akatafuta nyingine iliyotolewa kwenye gari lililobingirika, ya kisasa, yenye kompyuta. Fundi akaifunga pamoja na dashibodi yake. Ikawaka vizuri, ikanguruma vizuri, ila kila lori lilipopunguza mwendo ilizima, na mshale wa spidi ulilala kwenye sifuri kama mgonjwa.

"Kompyuta haijui kama gari linatembea au limesimama," fundi akasema kutoka uvunguni. "Zamani ulikuwa na waya wa kuzunguka, unatoka kwenye giaboksi mpaka kwenye mshale. Injini hii haitaki waya, inataka sensa, kidude cha kuipigia kompyuta mapigo giaboksi ikizunguka. Inafungwa kwenye tundu lilelile. Kanunue ya mapigo manane kwa kila mzunguko. Manane, mama."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Alikuwa na haraka. Kesho yake mwenye duka la vioo angemjaribu kwa shehena moja. Huyo tajiri alishawafukuza wenye malori wawili kwa kukimbiza gari na kumfikishia vipande vipande badala ya vioo. Mama Nyongeza akifaulu, kazi ni ya kudumu. Akishindwa, anarudi kwenye mchanga wa kubahatisha, leo upo, wiki nzima haupo.

Muuza vipuri akampangia sensa mbili mezani.

"Hii ya manane. Hii ya kumi na sita, bei yake iko juu. Fundi kasema ngapi?"

"Fundi hanunui. Mwenye kununua ni mimi." Akaigeuzageuza ile ya kumi na sita. "Mbona ina vumbi? Hii imekaa hapa tangu unanyonya. Nipe kwa bei ya manane."

"Mama, utaniua njaa!"

"Na mwili wote huo?"

Akatoka mpaka mlangoni, akarudi, akatoka tena. Mara ya tatu yule bwana alichoka kumwangalia mgongo. Akampa, na mpira wa kuzuia oili juu yake.

Fundi aliishika sensa kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

"Nilisema manane."

"Nimekuletea mara mbili. Sema asante."

"Mama, hivi si viazi! Kompyuta itaona mwendo mara mbili."

"Basi itaona vizuri zaidi. Funga."

Akafunga. Gari si lake.

Asubuhi wakapakia vioo, shemeji yake kwenye usukani, yeye pembeni. Shemeji huyu, mdogo wa mumewe, alipenda mbio kuliko chakula. Injini haikuzima tena. Mshale ukapanda mpaka themanini, na hapo injini ikagoma kuongeza hata kidogo.

"Themanini, shemeji! Nakwenda kama risasi!"

Risasi ikapitwa na pikipiki iliyobeba kitanda, na mwenye kitanda kakalia kitanda. Kisha trekta likawapigia honi, lataka njia.

"Matrekta ya siku hizi yana nini?" Shemeji akauliza.

Mama Nyongeza akautazama mshale, akalitazama trekta likipotea mbele, na hesabu ikamjia nzima nzima, ya kuuma.

"Shemeji, tunakwenda arobaini. Mshale unahesabu mara mbili. Injini hii, kama nyingi za kisasa, imepangwa ikate mafuta ikifika themanini, na yenyewe inadhani imefika."

"Sasa tutafika lini?"

"Endesha. Na ufunge mdomo wako huko tuendako."

Walifika wamechelewa kweli. Tajiri alikuwa getini, shingo imemvimba.

"Mafundi wangu wamekaa tangu asubuhi wakinywa chai yangu!"

Shemeji akafungua mdomo aombe radhi. Akakanyagwa mguu.

"Hesabu mali yako kwanza, tajiri," Mama Nyongeza akasema.

Vioo vikashushwa. Tajiri akahesabu, akarudia, akapitisha kidole kwenye pembe. Hata ufa hamna.

"Lakini mmechelewa," akasema, sauti imeshuka.

"Wale wawili waliwahi. Walikuletea nini?"

Tajiri akamnyooshea Shemeji kidole.

"Leo dereva kajichunga kwa sababu umepanda naye. Kesho je, akiwa peke yake?"

Hapo ndipo Mama Nyongeza alipomtaka. "Panda uendeshe mwenyewe. Kanyaga mpaka chini."

Tajiri akapanda, akakanyaga, akalizungusha lori barabara nzima. Aliporudi alikuwa anakuna kidevu.

"Limegoma. Lakini mshale unasema themanini!"

"Usiangalie mshale, angalia miti. Huo nimeuacha umfariji dereva. Nimeweka sensa maalumu, mapigo kumi na sita. Dereva akirukwa na akili, gari halirukwi." Akalipiga boneti kofi. "Ila tajiri, gari la namna hii halibebi kwa bei ya wale wavunjaji."

Wakavutana mpaka chai ya mafundi ikaisha. Tajiri akakubali kazi, akakubali na bei, kwa sharti kwamba wawe wanapakia alfajiri. Mama Nyongeza akaguna kama aliyeonewa, akampa mkono.

Njiani kurudi Shemeji alikuwa mnyonge.

"Shemeji, tuweke ya manane. Nitaendesha polepole, naapa."

"Wewe?"

"Sasa kijiweni nitawaambia nini? Nimepitwa na kitanda!"

"Waambie unatembea themanini. Asiyeamini, mwoneshe mshale."

Nyuma yao kitu kikapiga honi. Shemeji hakugeuka kutazama ni nini. Akasogea pembeni, akakipisha.