Salamu yangu ilivyomfukuza tai wa binti yangu

Wakuu, habari za mapumziko. Kisa hiki ni changu mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa dereva wa basi hapa London, naishi Tottenham. Mimi na mama Neema tulishaachana, mtoto anakuja kwangu weekend tu. Miaka kumi na minne, Kiswahili anasikia ila anajibu kwa English.

Siku moja akaniambia, kistaarabu kabisa, kwamba kwangu anaboreka na anafikiria kuacha kuja.

Iliniuma, nisiwadanganye.

Kitu alichopenda ni ndege. Wenye manyoya, msije mkafikiria airport. Basi half term, ile likizo fupi ya katikati ya muhula, nikampeleka Krete, kisiwa cha Ugiriki, tukakodi gari. Milima mikavu, mawe na miiba, mbuzi kila kona.

Kule ndege unawaangalia ukiwa ndani ya gari. Gari hawaliogopi, wanaogopa mtu. Sheria ya Neema: engine off, mlango haufunguliwi.

Tukakaa weee. Mara tai mkubwa akatua kwenye jiwe mbele yetu. Neema na darubini yake, hata kupumua hapumui.

Hapohapo akatokea mzee mchunga mbuzi, huyo ndege wameshamzoea, akapita dirishani kwangu. Sasa wakuu, mimi nimelelewa Shinyanga. Mzee anapita, mimi nimekaa tu? Nikashuka, nikampa mkono.

Tai huyooo, akapotea.

"Dad! You've ruined it!" Akalia. Nikajua mtoto ndiyo nimeshamkosa.

Kesho yake tukarudi palepale. Tai akatua tena. Mzee naye huyo, na mbuzi wake. Safari hii nikajikaza, macho mbele kama sijamwona. Aibu niliyoisikia naijua mwenyewe.

Nikasikia mlango unafunguliwa. Wa upande wa Neema.

Akashuka, akapiga goti kidogo kama shangazi zake wanavyofanya. "Shikamoo babu."

Mzee hakuelewa neno hata moja, akacheka, akamshika kichwani. Tai akajiondokea.

Nikamuuliza, "Sasa ndege wako?"

"He'll come back. You looked so sad, Baba."

Baba. Miaka yote nilikuwa Dad.

Nilichojifunza: mtoto akikujibu kwa English, usidhani hajakusikia. Weekend iliyofuata alikuja, tena na begi kubwa.

Wenye watoto huku ughaibuni, wa kwenu wakoje? Karibuni tuongee.