Shamba Lililosifiwa

Mdogo wangu alikuja Dar akimkimbia mume. Nasema mapema, asije mtu akadhani alifuata taa za mjini. Alipofika chumbani kwangu Kariakoo alilala mchana kutwa, akaamka, akaniomba kikaango. Tangu hapo akawa anakaanga karanga uani na kuziuza kwa vikaratasi kwenye njia ya kwenda sokoni. Mimi nilikuwa mshonaji kiwandani, kwa hiyo nilihesabika mfanyakazi. Yeye hakuhesabika.

Ulipotoka mwito kwamba asiye na kazi mjini arudi kijijini akalime, nilikosa usingizi. Kijijini kwake maana yake ni kwa yule mwanamume. Mgambo walikuwa wakisomba watu barabarani na kuwapandisha malori. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwema lakini mwoga kama sisi, akatushauri.

"Mtafutieni shamba huyu binti. Mwenye shamba haitwi mzururaji."

Tukaazimwa kipande ng'ambo, Kigamboni. Sisi watu wa kusini karanga tumezaliwa nazo, basi masika yalipoanza tukapanda karanga. Kila Jumapili tulivuka na pantoni pale Magogoni, majembe tumeyaviringishia kanga kuukuu yasimkate mtu. Zikaota vizuri, tukapalilia mara ya kwanza. Kisha nikashikwa na homa, akabaki kuniuguza, na mvua haikutungoja.

Tuliporudi, majani yalitufika magotini, na chini yake karanga zilikuwa zimeshatoa maua ya njano. Hapo ndipo penye kazi. Ua la karanga likinyauka hushusha kijiti chembamba kinachojichomeka udongoni, na karanga hukaa kwenye ncha yake, huko chini. Ukipitisha jembe wakati huo umevikata vyote. Kwetu wanawake hukaa chini wakang'oa majani kwa vidole, na majembe huachwa nyumbani makusudi, mtu asije akashawishika. Siku ile tulikuwa nayo, kwa sababu hatukujua tutakuta nini.

Na kesho yake wakaguzi wa kata wangevuka kuangalia mashamba ya watu wa mtaa wetu. Nilikaa chini nikaanza kung'oa. Jua lilipofika utosini nilikuwa bado mstari wa kwanza. Nikainua macho, nikamwona mdogo wangu amesimama na jembe.

"Acha," nikamwambia. "Utaziua zote."

"Dada, wanakuja kuangalia majani. Hawaji kufukua."

Akalima. Nikamtukana, nikamwita mwendawazimu, kisha nikachukua jembe langu nikamfuata, maana alikuwa anasema kweli. Kila nilipolipiga chini niliona uchungu kama navunja vyombo vyangu mwenyewe.

Wakaguzi walifurahi kupita kiasi. Mkubwa wao, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, akawaita na wenye mashamba ya jirani waje wajifunze.

"Hili ndilo shamba. Hapa magunia yatatoka."

Mdogo wangu akainamisha kichwa, akasema ahsante. Akaruhusiwa kubaki mjini. Wiki zile nilimsikia akiimba anapokaanga, jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu aolewe.

Mvua zilipokatika tukaenda kung'oa. Mashina yalikuwa yamenawiri, mizizi mitupu. Hapa na pale tulipata karanga zilizosinyaa, zote hazikujaza bakuli. Tukazichemsha na chumvi tukazila palepale tukicheka. Tulidhani tumepona.

Lakini huo ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi, sabuni na sukari zikitolewa chini ya vitanda vya watu. Asubuhi moja yule bwana mnene akaja chumbani na mgambo, balozi nyuma yao. Akauliza magunia yako wapi.

"Hazikuzaa," mdogo wangu akasema.

"Shamba lile? Nililiona kwa macho yangu."

Wakainua godoro, wakavuta debe la karanga alizonunua sokoni za kukaanga. Basi, ushahidi ukawa huo: hizi ni zilizobaki, nyingine zimeshalanguliwa. Nikaeleza habari ya vijiti na jembe. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo, kwani mkulima gani anaua karanga zake kwa mkono wake? Nikamtazama balozi aniokoe. Akatazama sakafu. Hasira ile ninayo hadi leo, na sijui hasa ni ya nani.

Walituonea huruma, ndivyo walivyosema. Hawakumpeleka mahakamani. Walisema mkulima hodari kama huyu anapotea bure mjini na kijiji kinamhitaji, wakampandisha lori la kusini. Baadaye nilipata habari kwamba lilipofika, aliyetoka kwenda kumpokea ni mume wake.