Tulsi ya Homa

Jerioth alikuwa mganga wetu, ingawa ukimwita mganga alikasirika. Alijifunza majani jikoni, Ngara, Nairobi, alikokuwa yaya wa watoto wa Kihindi kabla hajaolewa na Mswidi na kuletwa huku Uswidi, mtaa wa Fisksätra. Bibi wa nyumba ile, Mgujarati aliyepungukiwa na macho, alimfanya mikono yake: chuma lile, ponda hili. Ndivyo alivyojua manjano ya kidonda, uwatu wa mzazi asiyetoka maziwa, na tulsi, ule mrehani wanaouheshimu Wahindi, kwa kifua na mafua. Tulsi yake aliiotesha dirishani, na kila Novemba ilipoanza kupukutika alikosa raha.

Sisi Watanzania tulimtania kwa Kiswahili chake. Unamwamkia, "Shikamoo, mama," yeye anakujibu, "Mzuri sana." Naye alisema sisi tunaongea kama tunasoma hotuba. Tulicheka, tukadhani tofauti zetu zinaishia hapo.

Januari 1976, Deusdedit, kijana wa Bukoba aliyefanya kazi kiwanda cha malori Södertälje, alirudi kutoka likizo kwao. Wiki ya pili akampigia Jerioth simu.

"Mama, nina homa."

"Pole. Kila mtu ako na homa saa hii, ni hii baridi. Usitoke nje, nitakutumia dawa."

Akachemsha tulsi na tangawizi, akatia asali, akampa Severin, mwenzetu mwingine, ampelekee, kwani yeye na Deusdedit walikaa jengo moja. Severin ndiye aliyetuambia baadaye kwamba wakati wa simu ile Deusdedit alikuwa ameshavaa koti aende hospitali. Alilivua. Alisema mama ameshasema.

Siku ya tatu walimbeba hajitambui. Daktari alipima damu, akakuta malaria imeshapanda kichwani. Hakuamka tena.

Baada ya msiba Jerioth aliniita kwake. "Leokadia, nyinyi mkisema homa, mnamaanisha nini?"

"Mwili kuwaka moto," nikamjibu. "Na kwa mtu aliyetoka kwetu, ni malaria hiyo, usiulize mara mbili."

"Kwetu homa ni mafua," akasema, akaketi juu ya kapu la nguo bila kuliona.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kuhusu sikio hawakusema kitu.

Machi ikaja barua kutoka kwa Dafrosa, mama wa marehemu, akimshukuru Jerioth kwa kumtunza mwanawe ugenini. Jerioth alinisukumia kalamu. "Jibu wewe. Kiswahili changu kimeshaua mtu. Mwambie kijana alisema homa, mimi nikasikia mafua. Mwambie alikuwa anaenda hospitali nikamzuia. Usifiche kitu."

Mimi ni mtu wa mdomo, kila anayenijua atakwambia. Siku hiyo nilikuwa mwoga. Nilimfikiria yule mama, peke yake na karatasi ile, nikaandika kwamba ugonjwa ulimzidi nguvu mwanawe na kwamba tulifanya kila tulichoweza. Kisha nikamsomea Jerioth maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, macho yangu kwenye karatasi isiyokuwa nayo. Akatia sahihi bila kuisoma.

Dafrosa alijibu Juni. "Sina la kukulaumu, mwanangu. Mungu akubariki kwa yote."

Jerioth alilia kwa sauti. Aliibusu barua, akaisoma tena na tena, akawapigia simu watu wa Alby na Södertälje kuwaambia kwamba mama wa Deusdedit amejua yote na amemsamehe. Usiku ule, alisema, alilala kwa mara ya kwanza tangu Januari. Nami nilikuwa nimekaa palepale, nikimpa leso.

Nilijiambia nitamwambia akipata nguvu. Alipopata nguvu nikajiambia kwa nini nimrudishe kwenye kukesha. Mwaka juzi zikaja habari kwamba Dafrosa amefariki. Jerioth alifunga siku nzima kumwombea yule mama mwenye moyo mkubwa, akaniomba nifunge naye, nikafunga.